Serikali Ilipima Maji ya Mgeni

Nilisimama pale Bwana Afya alipotamka neno uchafu.

Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kimya kama wanawake wenzangu, chini kwenye nyasi, mtoto mgongoni, nyuma ya wanaume waliokalia viti na magogo. Baraza lilikuwa uani kwa mkungu, mkuu wa kijiji chetu, huku Muleba, upande wa mabonde yanayotazamana na Rubya. Bwana Afya alikuwa kijana mwenzetu mweusi, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, baiskeli ya Serikali ameiegemeza kwenye mgomba. Alituletea habari kutoka Bukoba. Alisema yule daktari Mzungu aliyekuja kuchunguza kwa nini watoto wetu wanakufa kwa kuhara amekwisha kumaliza kazi yake. Maji yetu yamepimwa. Ni mazuri, tena mazuri kuliko ya mjini. Kwa hiyo fedha ambazo Serikali ilizitenga kwa uchunguzi huu, na ambazo zingefuatiwa na nyingine za kuijengea chemchemi yetu, hazina kazi huku tena. Zimehamishiwa kwingine.

Wanaume wakapiga makofi. Nasema kweli, walipiga makofi!

"Sasa," Bwana Afya akaendelea, "kama maji ni safi na watoto bado wanahara, kosa liko wapi? Liko jikoni. Liko mikononi mwa akina mama. Ni uchafu wa..."

"Mlipima maji gani?"

Hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu. Mwanamke hasimami barazani bila kuitwa, na akiitwa hupiga magoti kwanza. Mimi nilikuwa wima.

"Nani anasema huko nyuma?" Bwana Afya akauliza.

"Mimi hapa."

"Mume wake yuko wapi?"

"Yuko Uganda, anatafuta," mtu akajibu. Mwingine akacheka: "Mwache aseme, huyo ni nshomile!"

Neno hilo kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma". Hutupiwa mtu anayejiona. Nimetupiwa tangu siku niliyoolewa, kwa sababu nilifika sekondari kabla ya kutolewa shule nije kuchuma kahawa ya watu.

"Ndiyo, nimesoma," nikasema, "na ndiyo maana nauliza. Mlipima maji gani, Bwana? Maana mimi nayajua maji ninayokunywa, na hayo unayoyasifu siyajui."

"Tulipima mliyoleta wenyewe," akajibu, na sasa alikuwa amekasirika. "Kila nyumba ilipewa chupa, ikaambiwa ilete maji. Chupa zikafungwa, zikapelekwa. Daktari hakumlazimisha mtu. Au unataka kusema kijiji kizima kilisema uongo?"

Niligeuka kuwatazama wenzangu waniunge mkono. Hakuna aliyenitazama. Mkungu alikuwa amezamisha mkono katika kikapu cha buni za kutafuna kana kwamba ndani yake kuna kitu kilichopotea. Mama mkwe alinivuta nguo.

"Bojo, tafadhali, kaa chini," akaninong'oneza. "Kaa, mkamwana. Nitakueleza nyumbani."

Nikakaa. Lakini tangu saa ile sijatulia, na ninavyoandika haya bado sijatulia.

Lazima nieleze habari ya maji yetu, la sivyo mtu wa mbali hataelewa.

Kijiji chetu kina maji ya namna mbili. Ya kwanza ni ya bondeni. Ni karibu, mtoto anatumwa na kurudi moto haujazimika. Lakini vibanja vyote, yaani mashamba yetu ya migomba, viko juu yake, na kila kinachomwagika mlimani huishia pale: mavi ya ng'ombe, maji ya kufulia, na vyoo vyetu pia. Kiangazi hunuka. Masika hugeuka rangi ya udongo. Hayo ndiyo tunayopikia ndizi na hayo ndiyo tunayokunywa, wakubwa kwa wadogo, siku zote.

Ya pili ni ya mwambani. Ukitaka hayo unavuka rweya, ile mbuga ya majani matupu isiyo na mgomba hata mmoja, kisha unapanda mpaka chini ya jabali. Maji yanadondoka kutoka kwenye jiwe, meupe, baridi mpaka meno yanauma, lakini yanadondoka taratibu. Mwanamke anaweza kukaa pale mpaka jua limhame akingoja mtungi ujae. Kwa hiyo hatuyachoti kwa ajili yetu. Tunayachotea harusi. Tunayachotea padre akija, na wakwe. Kila nyumba yenye heshima ina mtungi mdogo wenye kifuniko, umewekwa pembeni, na watoto wanachapwa wakiugusa. Unaitwa maji ya mgeni.

Mimi nilizaliwa Kahororo, karibu na mji wa Bukoba. Nilipoletwa huku bibi harusi, nilinywa kutoka mtungi ule siku za mwanzo, nikasema moyoni, lo, nimeolewa kwenye maji matamu. Kisha siku moja mama mkwe akanichotea kutoka mtungi mkubwa, yakatoka na chenga za matope. Akanitazama huku akitabasamu. Ndivyo nilivyojua kwamba nimekuwa mtu wa nyumbani.

Katika maji hayo ya nyumbani niliugua mimi, nikapona. Binti yangu wa kwanza hakupona. Alikuwa ameanza kukimbia. Masika yaliyopita alihara asubuhi, akahara mchana, na nilipomfunga mgongoni nimpeleke Rubya kwenye hospitali ya misheni, sikuusikia tena uzito wake. Tulimzika kibanjani, chini ya mgomba ambao mume wangu aliupanda binti alipozaliwa.

Mdogo wake, huyu niliyekuwa naye barazani, naye alianza vivyo hivyo mwanzo wa kiangazi. Safari hii sikungoja kuche vizuri. Rubya walimpokea, wakamrudishia uhai. Yule sista wa wodi ya watoto, mwanamke mkali asiyebembeleza mtu, aliniambia siku ya kuondoka:

"Utamrudisha tena."

"Kwa nini, Sista?"

"Kwa sababu unamrudisha kwenye maji yaleyale. Sisi tunatibu tu. Tukimaliza huyu analetwa mwenzake kutoka mlima uleule. Kuchunguza na kuziba gonjwa linakotoka ni kazi ya Serikali. Tumeomba na kuomba. Safari hii nasikia wamekubali, kuna daktari anapita vijijini na chupa. Mshukuru Mungu."

Nilimshukuru. Nilitembea njia nzima kurudi nyumbani nikimshukuru. Sikujua kwamba daktari alikwisha kupita kwetu nikiwa hospitalini, na kwamba kazi ilikuwa imekwisha kuharibika.

Basi jioni ile baada ya baraza, mama mkwe alikaa jikoni akimenya ndizi, na mimi nikakaa mbele yake.

"Nieleze, Mama."

"Alikuja Mzungu," akaanza. "Mkungu alituambia mapema. Tukafagia, tukatandika nyasi mpya ndani, kama Krismasi. Akakaa pale uani kwa mkungu, akapewa kiti. Akapewa buni, akatafuna moja, akaitema kwa adabu. Kijana wake akatoa chupa kwenye sanduku, nzuri, za kioo. Akasema kila nyumba ilete maji ya nyumbani kwake, Serikali inataka kuyaona. Kesho yake asubuhi watapita kuzichukua."

"Wakashuka bondeni kuona?"

"Na matope yale? Na viatu vile?"

"Halafu?"

Akawa kama mtu anayeona fahari na aibu kwa pamoja. "Tulikwenda mwambani. Wanawake wote. Tulitoka alfajiri, tukapanga foleni mpaka jua limewaka. Mimi yangu niliyachuja kwa kile kitambaa cheupe ninachofunga kichwani nikienda kanisani. Yalikuwa yanang'aa, mwanangu! Kijana wa Mzungu aliinua chupa yangu juani akasema, huyu mama ni safi."

Niliutazama mtungi mdogo pale pembeni. Yeye akadhani sijaelewa.

"Sasa ulitaka tufanyeje? Mgeni ametoka Bukoba, mgeni wa Serikali, anasema nipe maji. Umpe matope? Atasema nini juu ya nyumba hii?"

"Hakuwa na kiu, Mama! Alitaka kujua kinachoua watoto!"

"Hakusema hivyo! Hakusema leteni maji mabaya. Alisema leteni maji."

"Mjukuu wako yuko pale chini ya mgomba."

Kisu kilisimama. Nilijua nimesema neno zito, na sikulirudisha. Ndizi mkononi mwake ilikuwa imemenywa nusu. Kisha akasema kwa Kihaya, polepole, si kwangu: "Kumbe Mzungu alileta chupa ili amwulizie yule mtoto."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikamchujia."

Akaweka kisu chini. Sikumwona akilia. Alikwenda pembeni, akauinua ule mtungi mdogo wenye kifuniko, akamimina kikombe, akampa mtoto wangu anywe. Tangu siku ile mtoto huyu hanywi maji mengine, na mwanamke mzee yule ndiye anayevuka rweya kuyachota. Lakini mwanamke mmoja na mtungi mmoja si dawa ya kijiji. Masika yakija atashindwa kupanda jiwe lile, na nyumba nyingine hazina hata bibi wa kupanda.

Hasira yangu niliigawa, na sehemu kubwa sikuwapa wanawake wa kijiji changu. Wao walifanya walivyolelewa. Nawauliza waliosoma kuliko mimi: mtu anayetumwa na Serikali yote ya Tanganyika, mwenye gari na sanduku na elimu ya ng'ambo, anashindwaje kuteremka bonde moja? Bwana wa Kilimo akija kuangalia kahawa haketi uani. Nimemwona kwa macho yangu. Anaingia kibanjani, anapiga magoti kwenye majani yaliyooza, anageuza jani moja moja, anachomoa mdudu kwenye shina kwa ncha ya kisu, anamtia kwenye kichupa. Hamwombi mtu amletee jani zuri la kahawa. Anajua tutamletea zuri. Fedha za uchunguzi wa kahawa hazikosekani, na magoti ya kuchunguza kahawa hayakosekani. Mtoto naye angekuwa na bei mnadani, angepigiwa magoti.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mkungu. Nilimpigia magoti kama inavyopasa, nikamwita kwa jina la heshima: "Waitu, tumwandikie Bwana DC tumweleze kosa lilivyotokea, warudi wapime maji ya bondeni kabla ya masika."

Mzee yule si mtu mbaya. Alikuna kidevu.

"Tumweleze nini? Kwamba tulimdanganya?"

"Kwamba tulimheshimu."

"Kwa Mzungu ni kitu kimoja. Mama, sikiliza. Kijiji hiki kimesifiwa. Maji mazuri kuliko ya mjini! Mwami, mkubwa wangu, mwenyewe amelisikia. Sasa mimi niende nikaseme, hapana, sisi tunakunywa mavi?"

"Lakini tunayanywa, Waitu."

Alinitazama kwa hasira, kisha akatazama pembeni. Naye alizika mjukuu mwaka uleule niliomzika binti yangu. "Muhuri wangu sitauweka," akasema. "Ukitaka kwenda, nenda. Sikukuona."

Nikashuka bondeni. Nilikuwa na chupa iliyokuwa na mafuta ya taa. Niliisugua kwa mchanga, nikaichemsha mpaka harufu ikatoka. Nikaitumbukiza palepale ng'ombe wanapokanyaga na wanawake wanachota, nikaiziba kwa gunzi na kitambaa. Nilipopanda nikamkuta mama mkwe barabarani, amevaa nguo ya kanisani, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Bukoba."

"Hujawahi kwenda ofisini."

"Na wewe hujawahi kuchota maji yale ya Mzungu," akasema. "Utawaambia nini? Hukuwepo. Mimi nilikuwepo."

Tulipanda lori la kahawa, tukakaa juu ya magunia, mtoto kwa bibi, chupa kwangu. Tulilala Kahororo kwa baba yangu. Asubuhi tulifika ofisi ya afya mjini, tukasimama barazani mpaka karani alipochoka kujifanya hatuoni. Nilimweleza. Alikuwa Mhaya kama sisi, lakini alinijibu kwa Kiswahili cha ofisini, na Kiingereza akikinyunyizia juu.

"Uchunguzi wa eneo lenu umefungwa."

"Haya hapa maji. Yapimeni."

"Maji hayapimwi hivihivi. Yanapimwa chini ya uchunguzi fulani, na uchunguzi una fungu lake la fedha. Fungu likihamishwa, maji hayo hayana fungu. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Mtoto akifa atazikwa chini ya fungu gani?"

Akaweka kalamu chini. "Dada, usinitafutie matata. Nani anasema maji yaliyopimwa hayakuwa ya bondeni? Una shahidi?"

Mama mkwe hakujua Kiswahili kingi, lakini neno shahidi analijua, husemwa kanisani. Akasogea mpaka tumbo likagusa meza.

"Mimi ndiye niliyechota," akamwambia kwa Kihaya. "Nilichota mwambani, nikachuja kwa kitambaa hiki, hiki hapa kichwani. Wenzangu wote walichota hukohuko. Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako akijiwa na Mzungu humpa maji gani?"

Karani alikitazama kitambaa. Mtu mmoja aliyekuwa anangoja kwenye benchi alicheka kwa nguvu, kisha wakacheka wote, na karani naye, akiwa hataki, alicheka kidogo. "Ya mgeni," akasema kwa Kihaya. Kisha akakumbuka alipo.

"Siwezi kupima. Kweli siwezi. Lakini malalamiko ya maandishi siwezi kuyakataa," akasema kwa sauti ndogo. "Yakigongwa muhuri wa kupokelewa, lazima yajibiwe. Na mume wako atie sahihi."

"Mume wangu yuko Uganda. Nitatia mimi. Na huyu ataweka dole gumba."

Akanipa karatasi, na kalamu yake mwenyewe. Niliandika nimesimama, kwenye ncha ya meza yake, mtoto akilia nyuma yangu na mama mkwe akimbembeleza. Sikuandika rasimu. Haya ndiyo niliyoyaandika, na ndiyo yaliyogongwa muhuri mbele ya macho yangu.

*Kwa Bwana Mkubwa wa Wilaya, Bukoba, na kwa Daktari wa Serikali.*

*Mabwana,*

*Nalalamika juu ya uchunguzi wa maji uliofanywa kijijini kwetu na kufungwa.*

*Mjumbe wenu hakufika kwenye maji. Aliketi uani akagawa chupa. Wanawake, kwa desturi ya Buhaya, walimletea maji wanayomwekea mgeni, kutoka mwambani. Hayo ndiyo mliyoyapima, na ni mazuri kweli. Sisi hatuyanywi. Mama mkwe wangu, ambaye dole lake liko hapa chini, ni mmoja wa waliochota, na yuko tayari kuulizwa. Hakukusudia kudanganya. Hakuna aliyemweleza chupa ni ya nini.*

*Kwa maji hayo ya mgeni mmeondoa fedha zilizokuwa zitusaidie, na mmemtuma mtu kutuambia barazani kwamba watoto wetu wanauawa na uchafu wa mama zao. Naomba neno hilo lifutwe mbele ya baraza lilelile.*

*Naomba uchunguzi ufunguliwe tena na fungu lake lirudishwe kabla ya masika. Anayekuja ateremke bondeni kwa miguu yake, achote kwa mkono wake mwenyewe, asipokee chupa kutoka kwa mtu yeyote, hata kwangu. Akitaka kuonyeshwa njia, nitamwonyesha.*

*Chupa ya maji ya bondeni nimeiacha kwa karani wenu. Ameniambia haina fungu. Tafadhali msiimwage.*

*Nangoja jibu la maandishi.*

*Ni mimi, mama wa watoto wawili, mmoja yu hai.*